Vifaranga wa Kigogo, Maji ya Kiwira

Vijana wenzangu wa kituoni,

Siku mliyoniaga, mlinisimamisha mbele ya watu mkanitaka nitaje vyeo vyote nilivyowahi kushika. Nilitaja viwili, vingine vikanitoka kichwani, mkapiga makofi, tukala wali. Hayo yametosha. Habari za mshahara nazo hazina utamu wowote: ulikuja mwisho wa mwezi, ukaondoka mwanzo wa mwezi. Ninachotaka kuwaachia ni habari ya mito miwili, Kigogo wa kwetu Mufindi na Kiwira wa upande wa Mbeya, na jinsi samaki aina ya trauti walivyohama kutoka mto mmoja kwenda wa pili miaka ya hamsini, mimi nikiwa nimekaa katikati yao nyuma ya lori, nimelowa mpaka kiunoni. Hata sasa nikisimulia moyo hunienda mbio, kwa hiyo mtanivumilia.

Nilizaliwa karibu na Igowole, kwa watu wa kusuka vikapu. Siku moja nilikuwa sokoni na mama, nasuka kikapu cha nyasi za milulu, alipopita Baba Kihwele. Huyu alikuwa msimamizi wa mabwawa ya kuangulia samaki, Mhehe mrefu, mwembamba, mwenye kofia ya sufu aliyoivua kanisani tu. Akasimama akavitazama vidole vyangu muda mrefu, mpaka mama akakunja uso.

"Kamwene, mama," akasalimu kwa Kihehe. "Huyu binti namhitaji."

Mama akamjibu kwamba mtu anayehitaji binti hutuma mshenga, haji mwenyewe sokoni na kofia kichwani.

"Siyo hivyo, mama!" Baba Kihwele akacheka. "Nahitaji vidole vyake. Tuna kazi ya kufunga nzi."

Soko zima liliangua kicheko. Nzi wa Igowole walikuwa wengi na hakuna aliyewahi kusikia mtu akilipwa kuwafunga. Basi ikabidi Baba Kihwele aeleze. Trauti ni samaki wa maji baridi, mayai yake yaliletwa na Wazungu kutoka mbali, na chakula anachokipenda ni wadudu wanaotua juu ya maji. Anayetaka kumvua hufunga manyoya na uzi kwenye ndoana ndogo mpaka ifanane na mdudu, kisha huirusha kwa mshipi mrefu ikatue mtoni kama vile imedondoka yenyewe. Mama aliuliza swali moja tu: huyo samaki ana miiba mingi? Alipoambiwa hana, akaniruhusu.

Siku yangu ya kwanza sikuuona unyoya hata mmoja. Nilipewa kisu, ubao na maini ya ng'ombe, nikaambiwa niyakate, niyasage, niyachuje, mpaka yawe uji wa kulishia vifaranga. Vifaranga wa trauti wanapoanza kula hawazidi sindano kwa unene, na hawataki bonge. Nilisaga hadi mikono ikafa ganzi. Jioni nilirudi nyumbani nikifuatwa na mbwa wa vijiji viwili. Lakini nilikuwa nimeona kitu: nilipodondosha ule uji, maji yaliyokuwa yametulia yalichemka ghafla, midomo midogo kila mahali. Nililala nikiwaza midomo ile.

Ratiba ikawa hiyo, maini asubuhi, nzi mchana. Ndoana tuliibana kwenye kijiti kilichopasuliwa, tukazungushia uzi uliopakwa nta, kisha sufu kidogo ya sungura kwa mwili na unyoya wa shingo ya jogoo kwa mabawa. Unyoya ukiwa mgumu, nzi huelea. Ukiwa laini, huzama. Nilipita nyumba kwa nyumba nikitafuta majogoo wekundu, na baada ya muda watu wakiniona kwa mbali walikuwa wanawafungia ndani. Mjomba wangu alikuwa na jogoo mmoja mzuri sana. Tuseme tu kwamba jogoo yule aliishi miaka mingi akiwa na shingo nyepesi.

Baba Kihwele alinifundisha na kurusha. Hakukuwa na mwanamke aliyefanya vile, na sisi watumishi hatukuruhusiwa kuvua ila kwa ukaguzi, lakini yeye aliona mfunga nzi lazima amwone nzi wake akitua. Alinisimamisha kwenye majani, mbali na maji, akanipa fimbo yake ya mwanzi.

"Peleka nyuma. Subiri. Subiri mshipi unyooke wote kule nyuma. Paskalina, subiri! Mbona una haraka kama unafukuza kunguru?"

Niliinasa sketi yangu, nikainasa kofia yake, nikainasa kamba ya nguo za jikoni. Kisha asubuhi moja mshipi ukanyooka nyuma, ukanyooka mbele, na nzi akatua juu ya jani la nyasi kwa upole hata jani lisitikisike. Baba Kihwele aliivaa upya kofia yake, akaenda zake. Nilijua nimefaulu.

Mto Kigogo ndio niliousoma kwanza, na mto huo una siri nyingi. Maji yake ni meusi kama chai ya rangi, yanapita taratibu kati ya msitu na mashamba ya chai, na asubuhi ukungu hukaa juu yake mpaka jua lipande. Samaki wa Kigogo ana nafasi ya kufikiri. Humwangalia nzi, huzunguka, hurudi kumwangalia tena. Anataka nzi mdogo, mweusi, na wewe uwe umejificha nyuma ya nyasi huku umeshika pumzi. Lakini raha kubwa ya Kigogo ilikuwa kuelea. Tulijaza upepo tyubu za matairi ya lori, tukafunga ubao juu, tukaketi, tukaachia maji yatubebe, tukichungulia kila kidimbwi kuona samaki wamekaa wapi. Hiyo ilikuwa kazi, jamani! Mtu akinilipa leo nikafanye vile nitaenda na magongo yangu.

Mtu mmoja tu kituoni alikuwa anaudharau Kigogo, naye ni Asajile, dereva wetu, Mnyakyusa mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde.

"Mto gani umelala hivi?" alikuwa akiniuliza. "Dada Paskalina, ungeona Kiwira! Maji yanakimbia!"

"Yanamkimbia nani?" namuuliza.

"Meupe, baridi, yanapiga kelele usiku kucha!"

"Kwa hiyo na samaki wa huko hawalali."

Tulibishana hivyo mwaka mzima. Katikati ya mabishano aliniposa mara mbili, nami nikakataa mara mbili. Baadaye niliolewa na seremala wa Uyole asiyejua kuogelea, tukaishi vizuri sana, na Asajile ndiye aliyebeba kabati letu la harusi bure.

Basi mwaka ule mkuu wetu, Mwingereza tuliyemwita Bwana Samaki, akaamua vifaranga wapelekwe Kiwira. Vifaranga wale walikuwa wote tuliobaki nao msimu huo, wengine walikuwa wameshamwagwa kwenye mito ya Mufindi. Walitiwa kwenye keni kubwa za maziwa. Baba Kihwele alikuwa na homa, akaniita kitandani kwake.

"Utakwenda wewe. Umewalisha, wanakujua."

"Baba, samaki hawajui mtu."

"Basi wewe unawajua. Usiwaache wakakosa hewa. Na usiwamwagie maji mageni ghafla. Maji ya kifaranga ni kama maji ya kumwogeshea mtoto."

Tuliondoka alfajiri na baridi yetu ya Mufindi. Mimi nilikaa nyuma na keni, na kila baada ya muda nilichota maji kwa kata na kuyamwaga kutoka juu yapate hewa. Mpaka Makambako nilikuwa naimba. Tulipoteremka kuelekea Usangu joto likaanza kupanda, nikaacha kuimba. Tulipofika Chimala jua likiwa utosini, lori likatoa mlio wa chuma chini yetu, likasimama. Asajile akaingia uvunguni, akatoka na uso wa msiba.

"Ekseli imekatika."

Nilifunua keni ya kwanza. Vifaranga wote walikuwa wamepanda juu, midomo nje ya maji, wanahema. Nikatumbukiza kiwiko: maji yalikuwa ya uvuguvugu. Niliruka chini ya lori nikapiga kelele kama nyumba inaungua.

Chimala wakati huo ilikuwa soko la mchele na maduka machache kando ya barabara. Wanawake waliokuwa wanapepeta mchele wakaacha nyungo zao wakaja mbio wakidhani kuna mtu amekufa. Wakachungulia.

"Mama wee, samaki wadogo hivi! Mnawapeleka wapi?"

"Kuwatia mtoni, kule Kiwira."

"Kwani si mmewatoa mtoni?" akauliza mmoja, Msangu mnene mwenye kitambaa chekundu kichwani. "Mnawatoa mtoni muwapeleke mtoni?"

Sikuwa na muda wa kueleza. Niliwaambia ni watoto na wanakosa pumzi. Hilo lilitosha. Wakaweka kila mmoja ndoo kichwani wakakimbilia mto Chimala, pale unapotoka mlimani, wakarudi na maji baridi. Yule wa kitambaa chekundu akainua ndoo amwage.

"Hapana!" Nilimshika mkono. "Kidogo kidogo! Kwa kata! Ukiwamwagia yote watakufa kwa mshtuko."

Akanitazama. "Una watoto wangapi, wewe?"

"Sina."

"Lakini unajua kuogesha," akasema, akaenda kuwapanga wenzake kwenye mstari, kila keni watu wawili, mmoja akipunguza maji ya zamani, mwingine akitia mapya. Nami nikizunguka na kiwiko changu.

Bado walikuwa wanahema. Ndipo akatokea Mama Zulekha, mwenye duka kubwa pale, mama wa Kihindi mwenye miwani inayoning'inia kwa kamba shingoni. Alitazama keni, akanitazama mimi, akarudi ndani. Nikadhani ametuchoka. Akatoka na pampu za baiskeli, mpya, bado zina karatasi, na vipande vya mpira wa maji. Akachomeka mpira kwenye pampu, akatumbukiza ncha yake ndani ya keni, akapiga. Mapovu yakajaa.

"Samaki anataka upepo, si ndiyo?" akasema. "Haya pigeni. Baiskeli inapigwa, samaki pia anapigwa."

Tukapiga! Wapepeta mchele, fundi wa baiskeli, mzee mmoja aliyekuwa anasubiri basi, wote wakipokezana pampu. Mama Zulekha akaleta na barafu kutoka kwenye friji yake ya mafuta ya taa, vipande vichache vya kupozea soda, nikavifunga kwenye kitambaa na kuvining'iniza ndani. Nikachungulia keni ya kwanza. Vifaranga wamerudi chini. Wamekaa wote wameelekea upande mmoja, mikia inacheza. Nililia mbele za watu, na yule wa kitambaa chekundu akaniambia nikilia machozi yasiingie kwenye keni kwa sababu yana chumvi.

Lakini hatukuweza kukaa pale mpaka ekseli ipatikane. Mama Zulekha alikuwa na lori mlangoni, limeshapakiwa mchele wa kwenda Mbeya. Asajile alikuwa ameshaanza kulizunguka, anakagua matairi yake kama mtu asiye na nia yoyote.

"Unaendesha vizuri?" Mama Zulekha akamuuliza.

"Vizuri sana, mama."

"Lako limevunjika."

"Lile ni la serikali, mama."

Akamcheka. Kisha akawageukia wapagazi. "Shusheni magunia. Mchele wangu haufi. Mume wangu akirudi kutoka Iringa nitamwambia mwenyewe."

Sijawahi kupandisha mlima kama ule. Kila kona Asajile alipunguza mwendo, kila kona nilimpigia kelele aongeze. Pampu mbili tulikuwa tumepewa, nikapiga mpaka viganja vikatoka malengelenge. Kisha tukakaribia Uyole, na upepo ukageuka. Baridi! Niliufungua mdomo nikaunywa. Tulikata kushoto tukashika njia ya Tukuyu, na jua lilikuwa linagusa milima tuliposhusha keni ukingoni mwa Kiwira.

Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kuuona. Asajile hakuwa amedanganya hata kidogo, na jambo hilo liliniudhi. Maji meupe yakiruka mawe makubwa kama nyumba, mianzi na mafungu makubwa ya majani yaliyoinama pande zote, na kelele ile ambayo lazima upaze sauti mtu wa karibu akusikie. Tulizika keni mtoni mpaka shingoni, tukawatilia maji ya Kiwira kata baada ya kata. Kisha nikailaza ya kwanza. Vifaranga wakatoka kama moshi, wakasimama kidogo nyuma ya jiwe, wakapotea. Wachache walikuwa wamekufa. Waliobaki walikwenda.

Baada ya hapo hakuna aliyewaona tena. Mwaka ukapita, na mwingine. Wakaguzi walikwenda Kiwira na fimbo zao wakarudi na mafua. Bwana Samaki alituita akasema, bila ukali, kwamba tukikosa samaki msimu ule hatapeleka tena vifaranga huko, na kibanda cha mlinzi alichokusudia kujenga hakitajengwa. Kibanda kile nilikuwa nimeahidiwa mimi. Baba Kihwele mwenyewe aliamini wote wamekufa. "Maji makali mno," alikuwa akisema. "Kifaranga wa Kigogo amezoea kubembelezwa." Hata hivyo akakubali twende mara ya mwisho, yeye, mimi na Asajile.

Asubuhi nzima Baba Kihwele alivua, hakuna kitu. Alijaribu nzi wangu weusi wadogo, wale wanaopendwa Kigogo, na maji yaliwameza kabla hata hujawaona. Akajaribu wakubwa wa rangi ya maziwa niliowafunga kwa ajili ya kelele za Kiwira, manyoya magumu ya shingo, wanaelea kama kizibo. Hakuna. Saa ya kula Asajile, ambaye hakuweza kukaa kimya akiona mto wake unashindwa, akashusha tyubu mbili kutoka kwenye gari.

"Kigogo mnaelea. Na hapa tuelee, tuwatafute kwenye vidimbwi."

"Huu mto si wa kuelea, Asajile," Baba Kihwele akasema.

"Ni wa kuelea, baba. Nimeoga humu tangu mtoto."

Nilipanda. Msiniulize kwa nini. Kwa hatua chache za mwanzo ilikuwa raha ya ajabu, nilipiga yowe la furaha, kisha Kiwira akatukumbuka. Tyubu ya Asajile ilikwama kati ya mawe mawili, miguu yake juu. Yangu ikazunguka, ikagonga jiwe, ikanirusha kwenye kidimbwi chini ya maporomoko madogo. Nikazama. Baridi ilinibana kifua mpaka nikafumbua macho. Na mbele yangu, nyuma ya jiwe, ndani ya maji yanayong'aa, alikuwapo. Mnene, mgongo wenye madoadoa meusi, mstari wa rangi ya waridi ubavuni. Amesimama palepale mkondo ukimpita, ananiangalia kama mwenye nyumba anavyomwangalia mgeni aliyeingia bila hodi.

Niliibuka nikipiga kelele. Baba Kihwele alikuja mbio juu ya mawe, kofia ameishikilia kichwani, akidhani nakufa maji.

"Yupo! Baba, yupo!"

"Nani? Asajile?"

"Samaki! Mnene! Nyuma ya jiwe!"

Alinivuta nje. Nilikuwa natetemeka meno yakigongana. Tulikaa kimya kando muda mrefu ili kidimbwi kitulie. Asajile akafika akichechemea, akaonywa kwa ishara afunge mdomo, akaufunga, na hilo peke yake lilikuwa ajabu. Kisha Baba Kihwele akaninyoshea fimbo.

"Wewe."

"Baba, rusha wewe."

"Umemwona wewe. Rusha wewe."

Nilirusha nikakosea, nzi akatua mbali. Nikavuta. Peleka nyuma. Subiri. Safari hii nilisubiri kweli, nikausikia mshipi ukinyooka, nikaachia. Yule nzi wa rangi ya maziwa akatua juu kidogo ya jiwe, akaja anacheza juu ya povu. Maji yakapasuka.

Mshipi ulitoka ukilia. Samaki akashuka chini ya mto nami nikamfuata, sketi nimeikunja kiunoni, najikwaa, nainuka, Baba Kihwele nyuma yangu akipiga kelele, "Mlegezee! Mwache aende! Sasa mkaze! Siyo hivyo! Hivyo hivyo!" Samaki aliruka juu mara mbili, na kila aliporuka sisi watatu tulipiga yowe pamoja. Mwishowe akachoka, akaja ubavu ubavu kwenye maji ya kina kifupi, na Asajile akamkinga kwa wavu wa mkono huku akiomba kwa Kinyakyusa maombi ambayo sikuyafahamu.

Baba Kihwele alimshika kwa mikono iliyolowa, akamtazama pezi kwa pezi. "Ni wetu," akasema. "Ni mmoja wa wale." Akaniachia mimi nimrudishe. Niliingia mpaka magotini, nikamshika ameelekea mkondo, nikasubiri apate nguvu. Akapiga mkia, akaondoka.

Nikabaki nimeinama pale, natazama maji yakitulia kwenye miguu yangu. Hapo ndipo nilipowaona. Wadogo, wembamba, urefu wa kidole, wamejipanga kando ya changarawe wakitazama juu ya mto, madoa yao ya ubavuni yanaonekana wazi. Wengi. Vifaranga niliowaleta mimi walikuwa sasa wakubwa kama yule niliyemrudisha, na hakuna lori lingine lililowahi kuleta samaki hapa.

"Baba," nikasema polepole, "njoo uone."

Alikuja akainama kando yangu, akawatazama. Alikaa chini ndani ya maji, na suruali yake, na kofia yake, akaanza kucheka na kulia.

Asajile alichungulia juu ya mabega yetu. Ilimchukua muda kidogo kuelewa. Kisha akainua mikono yote miwili na sauti yake ikaenda mpaka ng'ambo ya bonde:

"Hawa si wa Mufindi tena! Hawa wamezaliwa hapa! Hawa ni Wanyakyusa!"